Bomba la Mninga

Fundi wa kinanda hushuka kutoka Mkumbi kila inapokaribia sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, begi la zana begani, vidole vikiwa na madoa ya kahawa mbichi. Kabla ya kugusa chochote huvua viatu, hulaza sikio kwenye ubao wa kinanda kikongwe cha mabomba cha kanisani, kisha huikanyaga mivukuto taratibu. Akisikia upepo unapovuja huguna tu, "Ehee," na kukata kipande cha ngozi ya mbuzi cha kuzibia. Safari hii bomba moja la mbao, la sauti nene, lilikuwa limepasuka, na wazee wa parokia walishaanza kusema kiletwe kinanda cha umeme. Alichonga jingine la mninga kwa wiki tatu, akilipuliza kwa mdomo, akiparuza mbao kidogo, akilipuliza tena. Jumamosi Restituta, mwalimu wa kwaya, akapiga sauti zote, kuanzia nyembamba hadi zile zinazotetemesha mabenchi. Fundi alisimama dirishani akimpa mgongo, mikono imeshikana nyuma. Restituta akarudia mara ya pili, na ya tatu.

"Baba, bomba jipya ni lipi?"

"Mwenye masikio ni wewe, mwalimu."

"Nimelitafuta, silipati. Yote ni ndugu."

Hapo mabega ya fundi yakashuka. Akaketi sakafuni, akaegemea ukuta, akafumba macho. "Basi nipigie tena zile nene," alisema. "Polepole."