Pua ya Ndege Ilielekea Ziwani

Kabla ya jambo lolote, nausikia mlio wa ule mfuko. Ulikuwa mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya chungwa kilichofifia kwa jua, umefungwa juu ya mlingoti kando ya uwanja wa ndege wa Lodwar, kuonyesha upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Watu wa mtaa wetu waliuita soksi. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa jirani nao, kwa hiyo nililala na kuamka nikiusikia ukipigapiga kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Upepo wa Lodwar hutoka upande wa ziwa, huja na vumbi linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na haupigi hodi. Baba, aliyehamishiwa huko kikazi kutoka Kakamega, alikuwa karani wa uwanja huo. Aliusoma upepo na kuwaambia marubani kwa redio. Mama alifundisha shule Kakuma na kuja nyumbani mwisho wa wiki. Mimi, Neema, nilikuwa darasa la tano, na nilijiona naujua upepo kuliko watoto wote wa Turkana. Utoto nao una majivuno yake.

Elimu yangu ya urubani niliipata mtoni. Jirani yetu Mama Akai, Mturkana aliyesuka vikapu vya majani ya mkoma, ndiye aliyetuvusha mto Kawalase sisi watoto wa shule siku ambazo maji yalifika magotini. Ukitaka kutokea kwenye ule mgunga wa ng'ambo, alitufundisha, usiutazame mgunga. Elekeza uso kule maji yanakotoka, utembee kama mtu anayekwenda kwingine, na mto wenyewe utakusukuma hadi kwenye mgunga. Nilipomsimulia Baba, alicheka, akaokota kijiti na kuchora mchangani. Ndivyo ndege inavyokwenda, akaniambia. Upepo ni mto usioonekana. Rubani anayelenga Kakuma moja kwa moja hataiona Kakuma. Lazima ageuze pua kidogo kuukabili upepo, kisha ajiulize unamsukuma mgongoni au unamzuia kifuani. Kwenda Kakuma ulisukuma, kurudi ulizuia. Nikauliza kama basi faida na hasara hazilipani. Baba akatikisa kichwa: hazilipani kamwe, kwa sababu anayezuiwa hukaa ndani ya upepo muda mrefu kuliko anayesukumwa. Sikuelewa sawasawa, lakini niliitikia kwa heshima.

Mvua za mwaka 2013 zilikuja kwa hasira, kana kwamba mbingu ilikuwa na kisasi na nchi ile kavu. Kawalase ilifurika ikameza kivuko cha barabara ya Kakuma, na malori yakasimama pande zote mbili, madereva wakifulia nguo zao kwenye maji yaliyowazuia. Mama alikuwa mjamzito, likizo yake ilikuwa ianze wiki iliyofuata, na mtoto akaitangulia likizo. Alizaliwa asubuhi, mvulana, mzima. Lakini mchana muuguzi wa Kakuma alimpigia Baba simu: Mama alikuwa akivuja damu na haikutaka kukoma, na daktari wa upasuaji hakuwapo Kakuma. Lodwar alikuwapo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilimwona Baba akiketi sakafuni, yeye ambaye hata viatu alivivaa akiwa amesimama.

Siku hiyo kulikuwa na ndege moja tu uwanjani, ndogo, iliyoleta dawa. Rubani wake, Kapteni Mwende, alikuwa mwanamke wa Kitui mwenye maneno machache. Baba hakumwomba, nadhani hakuweza. Alimsomea tu upepo. Kapteni Mwende akakokotoa kwa kiduara cha plastiki ambacho marubani hupigia hesabu za safari, akatazama jua, akakokotoa tena. Uwanja wetu haukuwa na taa. Jua lingekaribia kuzama kabla hajatoka Kakuma, ingembidi alale huko, na kila mtu alijua maana ya kulala.

"Nitaenda juu, upepo unisukume," alisema. "Kurudi nitapita chini, huko hauna nguvu sana. Baba Neema, wewe niombee jua tu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndege iliruka, ikageuza pua upande wa kulia wa Kakuma, na ikatoweka huku ikisukumwa.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani kwetu. Simu ilipolia kwamba ndege imetua Kakuma, hawakuamini ilivyofika upesi. Walimshukuru Mungu, na Mama Akai akapiga vigelegele. Simu ya pili ikasema imeondoka na Mama yumo, mtoto na muuguzi pia. Basi wakapima kurudi kwa kipimo cha kwenda. Chai ikatengwa, maji ya kumwogeshea mtoto yakabandikwa jikoni. Baba alijua kosa lao lakini hakulisema. Alisimama chini ya soksi, macho juu, akiubembeleza upepo kwa midomo isiyotoa sauti. Kutangulia si kufika. Chai ikapoa. Maji yakachemka hadi yakakaukia. Kisha mama mmoja akavua kitambaa cha kichwa na kuanza kulia, akisema ndege imeanguka, na kilio kikashika ua mzima.

Mimi sikulia. Nilikuwa na ule mchoro wa mchangani, nikaushikilia kama mtu anavyoshikilia kamba kisimani. Anazuiwa, nilijiambia, anazuiwa tu. Jua lilikuwa limebaki kipande nilipoiona, nukta ndogo juu ya migunga, chini sana. Mama Akai aliiona pia, akashika kichwa.

"Ngai! Hii ndege inatupita! Angalia mdomo yake, inaenda ziwa! Inaenda Eliye!"

Ni kweli, pua haikutuelekea. Ilielekea ziwani, na ndege yenyewe ilikuja upande upande. Mama Akai, aliyenivusha mto kwa njia hiyohiyo, hakuutambua mto ulipokuwa hewani.

"Haitupiti, Mama Akai," nikapiga kelele. "Inakuja! Inavuka kama Kawalase!"

Nikakimbia kuelekea uwanjani nikishangilia, peke yangu kwanza, halafu ua wote nyuma yangu. Karibu na ardhi ndege ilinyoosha pua, ikagusa, ikaviringika hadi kwetu, na injini ikanyamaza. Tukasikia mtoto akilia ndani. Vigelegele vikapanda mbinguni. Machela yalikuwa tayari, gari la hospitali limewashwa. Lakini Kapteni Mwende hakufungua mlango. Alikaa na mikono juu ya magoti akitazama mbele, na alipoteremka hatimaye, aliteremka polepole, kama mtu asiye na haraka tena. Alimwendea Baba, akamvulia kofia.

Mama alikata roho angani, Lodwar ikiwa imeanza kuonekana. Hesabu zote zilikuwa sahihi.

Wazee wa Turkana humpa mtoto jina la lililotokea siku aliyozaliwa, na Mama Akai alimwita ndugu yangu Ekuwam, yaani upepo. Baba alikataa kulitamka. Kwa miaka mingi alimwita "kijana" tu, na soksi ilipopiga usiku alifunika masikio kwa mto. Maji yakimwagika hayazoleki, aliambiwa, na alichukia kila aliyemwambia.

Sasa kuna lami kutoka Lodwar hadi Kakuma, na gari hupita Kawalase bila kulowa. Ekuwam anakaribia kumpita Baba kwa urefu. Mwezi uliopita tulikwenda sote watatu Kakuma, kuiona shule aliyofundisha Mama. Tulirudi jioni, upepo wa ziwa ukitupiga usoni, vumbi likivuka barabara. Baba alikaa mbele na saa yake mkononi, kama alivyokaa wakati wa kwenda, na tulipoingia Lodwar aliitazama kwa muda mrefu.

"Ekuwam," akasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Kwenda na kurudi ni sawasawa."

Kisha akalia, na ndugu yangu, ambaye hakujua cha kufanya, akapandisha kioo cha dirisha.