Mandazi ya Maonyesho ya Sayansi

Mama Aoko alikuwa na kisa kimoja alichokipenda kuliko vingine vyote. Sisi majirani zake wa mtaa wa Makongeni tulikisikia mpaka watoto wetu wakawa wanaweza kukisimulia. Kilihusu siku wakubwa wa elimu walipokula mandazi ya binti yake, Roseline Aoko, wakasahau walichokuja kufanya. Aoko akiwapo, aliinamisha kichwa, akatabasamu, akaondoka kwenda kuosha vikombe. Nusu ya pili ya kisa hicho alinieleza mimi baadaye sana, alipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Baba yake, Tobias Otiende, alikuwa karani katika bohari ya reli. Mama yake aliuza mandazi kwenye lango la karakana, wafanyakazi walipokuwa wakiingia asubuhi. Milango yetu ilitazamana, kwa hiyo mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilimwona Aoko akikua huku mikono yake ikiwa na unga. Wasichana wengine wangelalamika. Yeye aliuliza.

"Mama, mbona leo yamefura na jana yalilala?"

"Jana ulikanda ukiwa na maneno mengi. Kanda."

Jibu halikumtosha. Alipofika kidato cha pili, mwalimu wao wa sayansi, kijana mmoja Mkamba aitwaye Mativo, aliwafundisha kwamba kitu kichungu kama magadi kikikutana na kitu kikali kama maziwa lala yaliyochacha, hewa hutoka. Aoko alirudi nyumbani siku hiyo akapita mlangoni pangu bila salamu. Nilimwita. Akasema, "Mwalimu, ni hewa! Kumbe ni hewa iliyonaswa!" kana kwamba amemkamata mwizi tuliyekuwa tukimtafuta mtaa mzima.

Shule yao ya wasichana haikuwa na maabara. Ilikuwa na chumba kimoja chenye sinki lisilotoa maji. Shule ya wavulana iliyokuwa jirani iliwapa wasichana nafasi chache za kusomea kemia kwao, na mwaka huo wa 1976 ilikuwa imebaki moja. Mwalimu mkuu, Bi Jecinta Mbuthia, akatangaza kwamba msichana atakayevuka kwenda hatua inayofuata kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za mitaa yetu ndiye atakayeipata. Wengine wote wangeingia sayansi kimu, wajifunze kushona na kupika. Aoko aliitaka nafasi ile mpaka akakonda.

Basi jiko la Otiende likageuka maabara. Aoko alikanda unga uleule, maziwa yaleyale, moto uleule, akabadilisha magadi tu. Yaliyokosa magadi yalikuwa mazito kama kokoto. Yaliyozidishiwa yaligeuka manjano na kunuka sabuni. Baba yake, aliyeyala yaliyoharibika, alikuwa akitoka barazani akishika tumbo.

"Mwalimu," aliniambia, "binti yangu akiendelea hivi, nikicheka nitatoa povu."

Lakini alicheka akisema hivyo, na siku ya maonyesho aliomba ruhusa ya nusu siku kazini. Hakupewa.

Kuanzia hapo kisa kina nusu mbili. Nusu ya Mama Aoko ni hii.

Alimaliza kuuza, akajaza chai kwenye birika, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda ukumbini. Akaikuta meza ya binti yake na Aoko hayupo. Sahani zimepangwa mstari mmoja, kila moja na mandazi yake, na mbele ya kila sahani kuna kadi ndogo yenye tarakimu. Mbele ya meza wamesimama wanaume watatu waliovaa tai, wageni kabisa, wanayatazama mandazi. Hakuna aliyewakaribisha! Hawajapewa hata kiti!

"Nikasema, uwi, aibu gani hii?" Hapo alikuwa akisimama ili atuonyeshe. "Mtu aje mezani kwa mtoto wangu, aone chakula, arudi kwao na njaa? Zile kadi nikajua ni bei. Nikazikusanya haraka nikatia kwapani, kwa sababu mgeni haonyeshwi bei. Nikawaambia, 'Karibuni, wazazi, mbona mnayaangalia tu? Hayaumi.' Yule mnene akasema, 'Mama, umetuokoa. Tumetoka asubuhi na hatujatia kitu mdomoni.' Nikawachagulia yaliyofura vizuri. Wakala! Nikawamiminia chai. Wakala tena!"

Nusu ya Aoko ni fupi. Alikuwa amekwenda kwenye bomba nyuma ya ukumbi kutafuta maji safi ya kuchanganya na chokaa. Alitaka kuipitisha ile hewa ndani ya maji ya chokaa mbele ya waamuzi, yageuke meupe wayaone. Mwalimu Mativo, ambaye angekuwa amesimama pale mezani, alikuwa ametumwa nje kuwapanga wasichana wa kwaya. Aoko alirudi na chupa yake mkononi akamkuta mama yake akiwamiminia waamuzi chai. Sahani za katikati zilikuwa makombo. Yaliyobaki yalikuwa yale mazito na yale ya manjano, yamesukumwa pamoja kwenye sahani moja, bila kadi.

Alijaribu kueleza. Mativo naye alifika mbio akaomba binti apewe muda.

"Mwalimu, usihangaike," alisema yule mnene akipangusa mikono. "Matokeo tumeyaonja. Yako hapa." Akapiga tumbo lake. Watu wakacheka, na Mama Aoko akacheka kuliko wote.

Kwenye meza ya pili kulikuwa na mvulana aliyetengeneza kengele ya betri. Huyo aliulizwa maswali mpaka jasho likamtoka. Aoko aliulizwa moja tu, kama anajua na chapati.

Mvulana wa kengele akavuka. Aoko akapewa chupa ya chai yenye maua na makofi marefu. Jumatatu yake Bi Mbuthia akamwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba kila mtu ana karama yake, na ya kwake Mungu ameionyesha mbele ya watu. Bi Mbuthia hakuwa mtu mbaya. Nilimfahamu; aliwalipia karo wasichana wengi. Akamwandika sayansi kimu. Ile nafasi moja ya kemia haikumpata mtu. Ilikaa wazi mwaka mzima.

Nilipomuuliza Aoko kwa nini hakumweleza mama yake, alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Mwalimu, alikuwa na furaha. Ulitaka nimwambie nini?"

Alisomea upishi, akaajiriwa, akapanda mpaka akawa mkuu wa jikoni katika bweni moja la wanafunzi mjini. Aliolewa na Gordon Ochola, wakahamia mtaa wa Umoja. Aliheshimiwa. Chakula chake kilisifiwa, na mshahara wake ulimjengea mama yake nyumba ya mabati kule kwao. Najua wanawake wengi wa mitaa hii waliopata kidogo kuliko hicho, na ndiyo maana hata mimi sikujua nimhurumie kwa jina gani.

Mwaka 1986, Otiende alipostaafu, tulikusanyika nyumbani kwao kumuaga. Mama Aoko akaombwa kile kisa, akasimama, akakitoa chote pamoja na kwapa na kadi. Watu wakacheka pale pa kuchekwa. Kisha Wangeci, binti wa jirani yetu Thuo, aliyekuwa kidato cha tatu akisoma kemia, akamgeukia Aoko akauliza kwa sauti yake nyembamba:

"Lakini dada Aoko, ulikuwa unapima nini?"

Kwa miaka kumi hakuna aliyeuliza. Aoko, aliyekuwa akigawa chai, aliweka trei chini. Akaanza kujibu polepole, magadi, maziwa lala, kwa nini moto usibadilike, halafu maneno yakaanza kukimbia, mikono ikawa inachora hewani. Akaeleza maji ya chokaa. Akaeleza kadi. Wangeci akawa anaitikia, "Eee, ndiyo, ndiyo," na wawili wale wakasahau kwamba chumba kimejaa watu.

Nilikuwa nikimtazama mama yake. Alikuwa bado amesimama, mkono mmoja umebana kwapa.

"Nyathina," akasema, kwa lugha yao, yaani mwanangu. "Kwa hiyo yale niliyowapa..."

Aoko akainama. Akaokota trei yake.

"Yalikuwa ya kuliwa, mama," akasema. "Yalikuwa ya kuliwa tu."

Mama Aoko akaketi. Otiende akasema kitu kuhusu mvua, na mazungumzo yakaendelea.

Baada ya hapo, mgeni akija na majirani wakimchokoza, "Mama Aoko, hebu tupe ile ya wakubwa," aliwaambia kwamba amezeeka na ameisahau.