Msaada Unaohesabiwa Saa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa mwaka wa pili wa masomo ugenini, nimesimama mbele ya sinki lililojaa masufuria ya pilau, nikijiambia kwamba sifanyi kazi. Nasaidia tu.

Najua unacheka nikikuita mwanangu. Miaka minane tu inatutenganisha, wala sina mvi hata moja. Lakini mama yako ni dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na tangu ulipokuja kutoka Mwimbi kuchapisha barua yako ya chuo cha ng'ambo hapa Sumbawanga mjini, moyo wangu haujatulia. Ulinionyesha ujumbe wa mshikaji wako aliyetangulia huko: "Kazi ipo, mzee. Sio ajira, ni kusaidiana tu. Haihesabiki." Nilipokunja uso ukasema, "Mama mdogo, wewe unawaza mno." Ni kweli, nawaza mno. Nimeomba uniachie ujumbe ule, nimeusoma mara saba, na kila mara neno hilo "haihesabiki" linaninukia vibaya. Mimi nililisikia kabla yako.

Nililisikia kwa Dada Zawadi, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa akipika vyakula vya sherehe kule. Kibali changu cha masomo kiliniruhusu kufanya kazi saa ishirini kwa wiki, na zote nilikuwa nazimaliza maktaba ya chuo nikipanga vitabu. Nilimwambia hivyo. Akacheka. "Mdogo wangu, hapa hakuna bosi wala mshahara. Njoo Jumamosi tuchangamke, utakula ushibe na kingine utabeba. Hiyo haihesabiki."

Nami, mtoto wa Mwazye, nikaona ni jambo ninalolijua. Kwetu mtu akitaka kulima anapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe yao, wakimaliza wanakunywa na kuimba. Nani hapo ameajiriwa? Nani anaangalia saa? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi sikuisubiri hata hiyo ya tatu. Nikamenya vitunguu, nikaosha masufuria, nikabeba sahani za wageni. Jumamosi tisa.

Cha ajabu ni kwamba wakati huo nilikuwa namshuku kila mtu. Mwenzangu wa chumba akiniuliza natoka wapi, nilidhani ametumwa. Mlinzi wa chuo akinisalimia kwa jina, nilijiuliza kalijuaje. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakagua nguo za wenzangu.

Siku moja ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikaniandikia: fika ofisini kuhusu taarifa zako. Taarifa zipi? Nilifuta picha zote za jikoni kwa Dada Zawadi. Niliandika majibu matatu, nikayafuta yote. Mwishowe nikampigia simu babu yako, nikamkuta shambani anavuna ulezi. Nilimweleza kila kitu, nikitumaini ataniambia sina kosa.

"Huyo dada," akauliza, "umekwenda kwake mara ngapi?"

"Tisa, baba."

"Naye amekuja kwako mara ngapi?"

"Kufanya nini, baba? Mimi huku sina shamba."

"Shamba lako si hayo masomo? Ulipokuwa na mitihani, alikuletea hata uji?"

"Hapana, baba."

"Ukija kwangu kulima, kesho nipo kwako na jembe langu. Usipoliona jembe la mwenzako, hiyo si kusaidiana, binti. Hiyo ni kazi. Na mwenye kazi anajua, asiyejua ni wewe. Nenda kaseme kabla hujasemewa."

Nikaenda. Nilisema yote hata kabla sijakaa. Yule mama wa ofisini alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia alikuwa ameniita kwa sababu nimehama chumba bila kuwapa anwani mpya. Basi. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini hapo hapo akainuka, akafunga mlango, akanieleza kwamba nchini mwao kazi isiyo na mshahara nayo huhesabiwa, na chakula kile kilikuwa malipo. Nilikuwa nimezidisha saa zangu kwa wiki tisa. Kibali kingeweza kufutwa, nikarudi nyumbani na nusu ya shahada.

Nilisubiri uamuzi wiki tatu, begi likiwa wazi, nguo nusu ndani nusu nje. Nikamwendea Dada Zawadi kumwambia kwamba huenda akaulizwa. Alinijibu kwa sauti ile ile tamu: "Kwani mimi nilikuajiri? Mimi nilikukaribisha kula. Sinki ulilikimbilia mwenyewe."

Nilipewa onyo la maandishi, nikaachwa niendelee. Sijui kwa nini nilisamehewa. Mwingine asingesamehewa, na hilo bado nalifikiria.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kisome kibali chako mwenyewe, neno kwa neno, usisomewe na rafiki. Saa za kazi zote hujumlishwa, hata ukiwa na waajiri wawili. Usidhani wiki uliyopumzika inakulipia wiki uliyozidisha. Na kama kibali kinaruhusu saa zaidi wakati wa likizo, usidhani kwamba likizo yako ndiyo likizo wanayoijua wao. Kusuka watu nywele, kuuza vitu mtandaoni, kumshikia mtu duka kwa saa mbili, uliza kwanza ofisini, tena uombe jibu la maandishi. Anayekuambia haihesabiki, muulize ni nani atakayerudishwa nyumbani ikihesabika. Wala usiniamini hata mimi, kwa kuwa sheria za nchi niliyosoma si lazima ziwe za nchi uendayo, na zenyewe hubadilika.

Mjibu mshikaji wako leo, kabla hujapanda basi. Mwambie asante, sitakuja. Akikasirika, umeshamjua.

Mungu akupe subira ya kusoma maandishi madogo na ulimi wa kuuliza bila haya. Akukutanishe na watu ambao wakikuita ndugu, nao watakuja kwako siku ya shida. Akurudishe Ufipa kwa tarehe uliyoichagua wewe, si uliyopangiwa na askari wa uwanja wa ndege. Nenda salama, mwanangu.