Jeneza moja liliuzwa mara mbili, sasa polisi wanataka mdomo wangu

Admin, ficha jina langu. Mimi ni shosho wa miaka sabini na mbili, naishi Kinoo. Nilisoma hadi darasa la tatu, na bado nikajenga biashara ya majeneza yenye maduka mawili, moja Kinoo na lingine mjini. Kwa hivyo asije mtu hapa kunifundisha kuuza. Nimekuja na swali lingine.

Zamani mteja akichagua jeneza, tulifunga kamba kwa mpini na kupigia duka lile lingine simu: "Ile nyeupe imeshikwa." Basi. Halafu kifungua mimba wangu, anayesimamia duka la mjini, akasema tumebaki nyuma. Akataka majeneza yakae stoo Muthangari, wateja wachague kwa picha kwenye kompyuta. Kazi hiyo akapewa mjukuu wangu, binti ya marehemu dada yake, niliyemlea mimi. Amesomea hayo mambo.

Kabla amalize, msichana alitukalisha jikoni kwangu. Alieleza kwamba kila duka litakuwa na kompyuta yake, na netiwaki ikipotea hizo mbili hazitaongea. "Ankol, hapo uchague. Duka ingoje hadi iulize ile ingine kama jeneza imeshikwa, ama iuze tu bila kuuliza. Huwezi kupata zote."

Mwanangu akacheka. "Maiti haingoji netiwaki. Duka yangu iuze."

Akaonywa kwamba siku moja jeneza moja litauzwa kwa watu wawili. Akasema iuze tu. Tulikuwa watatu jikoni, hakuna mwingine.

Mwezi uliopita netiwaki ikapotea mjini asubuhi nzima. Jeneza jeupe la vioo likauzwa Kinoo kwa familia moja, na mjini kwa nyingine, ya Spring Valley. Zikakutana stoo, mimi na msichana tukiwa hapo, kila moja na gari lake la maiti. Mmoja wa wale wa Spring Valley, suti na miwani nyeusi, akawaambia wale wa familia ya Kinoo, waliokuwa wakimpeleka baba yao kuzikwa magharibi, wamweke kwa kreti ya mkate. Ngumi zikaanza hapo hapo. Kisha wakachukua nyundo za mafundi wangu. Walivuta lile jeneza huku na huku mpaka mfuniko ukapasuka, na kijana mmoja akachanwa na kioo kutoka sikioni hadi kidevuni. Damu yake ikalowesha kile kitambaa cheupe cha ndani. Hakuna aliyezikwa nalo.

Mwanangu alifika akakuta msichana ameinama akiokota vioo. Akachukua ubao, akampiga mgongoni. Alipoinua mkono kujikinga, akapiga tena, na mfupa nikausikia ukivunjika. Akasema hakuambiwa chochote kuhusu hiyo sistemu. Akamburuta kwa nywele hadi langoni akimpiga mateke. Nilimrukia nikamuuma mkono mpaka akaachilia. Meno niliyobaki nayo si mengi lakini yanauma.

Msichana ameripoti polisi. Mwanangu anadai msichana alianguka kwenye vurugu za wateja, na kwamba hatari ya hiyo sistemu aliificha. Mafundi wanakula kwake, eti hawakuona. Jumatatu polisi wanakuja kuchukua maneno yangu. Jana mwanangu alikuja, akaketi, hata chai hakugusa.

"Mum, mimi ndiye nitakuzika. Huyo ataolewa aende zake."

Nilimfukuza, lakini maneno yake hayajatoka na yeye. Nikisema ukweli, natia ndani mtoto niliyezaa. Nikinyamaza, nitamwangalia vipi huyu ninayemfungia vifungo vya blauzi kila asubuhi? Yeye hanilazimishi. Amesema tu, "Shosho, sema ulichosikia."

Msiniandikie pole, sikuitisha pole. Msiniambie niombe, kuomba najua kuliko nyinyi. Mwenye amewahi kusimama katikati ya damu yake na damu yake, anijibu: Jumatatu nifungue huu mdomo ama niufunge?