Nota Iliyolegea Katika Albamu ya Pili

Mwaka ule mafuta ya gari yalipoadimika Bujumbura, gereji yetu ya Buyenzi iligeuka baraza. Magari yalilala kwenye foleni za vituo, na gari lisilotembea haliharibiki, kwa hiyo fundi hana kazi. Tulikaa kwenye matairi ya zamani tukibishana. Tulibishana mpira, tukabishana bei ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, na albamu ya pili ya binti mmoja mwimbaji wa mjini ilipotoka tukapata ubishi wa mwezi mzima.

Ya kwanza hakuna aliyeibishia. Ilikuwa na ngoma na gitaa, na sijui harusi gani ya mjini haikuchezwa kwa nyimbo zake. Katika hii ya pili alikaa peke yake na piano, nyimbo tisa, basi.

"Hii ni muziki ya matanga," alisema mchomeleaji wetu siku ya kwanza, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. "Ngoma iko wapi? Mi nasikia usingizi tu."

Nilimwambia kwamba masikio yaliyozoea kelele za kusaga vyuma hayana ruhusa ya kuhukumu piano. Akacheka. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, mke wangu ananiita moto wa mabua, lakini mwezi ule nilizidi hata kiwango changu. Mtu akiisema vibaya albamu ile nilimrukia, na wote gerejini wakaamini nimekuwa shabiki uzeeni.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mke wangu aliipenda. Aliiweka kwenye simu akichambua mchele, na ukifika wimbo wa tatu mikono ilisimama juu ya ungo.

"Sikia hapa, baba watoto," aliniambia. "Sikia vile piano inatetemeka. Utasema ni mutu anajizuia kulia."

Nilimwambia azime, simu inaisha chaji. Ukweli ni kwamba nilijua piano ile inatetemeka kwa nini. Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Nieleze kidogo. Nilipokuwa kijana nilitengeneza gari la padri mmoja mzee, na kwa kuwa alinikuta mara nyingi nikisikiliza injini kwa sikio badala ya kuifungua, alinifundisha kukaza nyuzi za piano. Alipoondoka nchini aliniachia uma wake wa kupimia sauti. Spana ya kazi hiyo, sisi tunasema kle, niliichonga mwenyewe kutoka kwenye spana ya gari. Hivyo ndivyo mimi, Muislamu niliyezaliwa hatua chache tu kutoka msikitini, nilivyokuwa fundi wa piano za makanisa. Watu wananitania sana, na mimi huwa natembea kifua mbele.

Binti naye aliniita nyumbani kwao, mtaa wa Kigobe, kabla hajarekodi. Piano ile waliachiwa na familia iliyohama. Katika piano nota moja ina nyuzi tatu, na kila uzi umezungushwa kwenye pini iliyopigiliwa ndani ya ubao. Unyevu wa ziwa haufai kwa ubao. Pini moja ya katikati niliikuta inacheza kama jino la mtoto. Dawa yake ni kuing'oa na kuweka iliyo nene zaidi, na pini nene nilizisahau gerejini. Ilikuwa Ijumaa, adhana inakaribia. Nikaikazia kwa kipande cha karatasi ngumu ya kiberiti, nikapiga nota, ikalia safi.

"Binti yangu," nilimwambia nikifunga mkoba, "hii itakaa mwaka mzima."

Haikufika wiki. Niliposikia albamu mara ya kwanza niliitambua kabla wimbo wa tatu haujafika katikati. Uzi mmoja ulikuwa umelegea kidogo kuliko wenzake wawili, na sauti ikawa inayumba.

Mtu mmoja tu alikuwa na masikio ya kuninyima amani: jirani yetu, mwalimu wa kwaya, ambaye pikipiki yake ilikauka mafuta ikaachwa kwetu, naye akawa anakuja kuitazama kila siku kama mgonjwa.

"Huyu mutoto anaimba vizuri, mi siwezi kukataa," alisema. "Lakini ku ile wimbo ya tatu piano haiko sawa. Uzi moja imelegea. Angalipaswa kuangalia mbele ya kurekodi. Alizembea."

Nikamwambia kwaya yake inapaza sauti kama mbuzi wa Idi. Maneno mabaya, na mtu mwenyewe ni mstaarabu. Aliondoka, na siku mbili hakuja kuitazama pikipiki.

Halafu ikaja redio. Mchana mmoja binti alihojiwa, nasi tukaongeza sauti. Mtangazaji alimuuliza kuhusu wasikilizaji wanaosema piano yake haikutengenezwa vizuri. Binti akasema ni yeye aliyetaka ibaki hivyo, na anayetaka kulaumu amlaumu yeye.

"Munasikia?" mchomeleaji akapiga kelele. "Yeye mwenyewe anakubali!"

Nilichukua kle na pini nene, nikaenda Kigobe kwa miguu, maana teksi zenyewe zilikuwa foleni. Njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kujitetea. Alinifungulia mwenyewe, akafurahi kuniona, akaniletea maji.

"Uliisikia lini?" nilimuuliza kabla sijanywa.

Hakujifanya haelewi. "Siku ya pili ya kurekodi, tonton," alisema; ndivyo anavyoniita, yaani mjomba.

"Na kwa nini haukuniita? Ningekuja mbio."

Aliitazama piano. "Wale ba-technicien ba kurekodi walicheka sana kusikia fundi wangu ni mekanisia wa Buyenzi. Nikawaambia apana, huyu mutu mi namuamini kabisa. Sasa ningekuita njo urudilie, wangekuchekea mbele yako."

Hata mtoto wangu wa mwisho anamzidi yule binti umri. Nilikaa kwenye kiti chake cha piano. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na wakati huohuo nilimpenda kama mtoto niliyemzaa. Nilimwomba radhi. Akasema yameisha, akaniomba tu nisiseme popote, watu watasahau. Nikang'oa ile pini, nikaweka nene, nikakaa pale mpaka sala ya Alasiri ikanipita, jambo ambalo huwa silifanyi.

Kesho yake niliwakuta wote gerejini, mwalimu wa kwaya naye amerudi. Mchomeleaji alikuwa kwenye wimbo wake uleule, kwamba sifa za albamu ya kwanza zimemlevya binti, akazembea. Ahadi niliyoombwa nilikuwa sijaitoa.

"Hakuzembea," nilisema. "Ile piano niliitengeneza mimi. Niliharakisha, nikaweka karatasi ya kiberiti. Kosa ni yangu."

Nilimgeukia mwalimu nikamwomba msamaha kwa lile neno la mbuzi. Nilingoja kicheko. Mchomeleaji angeweza kunila nyama mwaka mzima kwa habari ile. Aliweka chini nyundo aliyokuwa ameishika.

"Mwezi muzima unatugombeza," alisema polepole. "Kwa nini haukusema?"

"Niliogopa mtanicheka."

"Na yeye kule ku redio, hakuogopa?"

Nikamwambia aliogopa sana, ila alikuwa akiniogopea mimi.