Kipandio cha Nane

Ngazi za shule yetu siku hizi zinapandwa kimya. Kengele ya mapumziko inalia, watoto wanashuka, viatu vinasikika, lakini hakuna anayetamka neno. Mgeni akiona atasema hiyo ndiyo adabu. Sisi tuliozoea kusahihisha madaftari katika ofisi iliyo ubavuni mwa ngazi hizo tunajua kuwa kuna kelele iliyoondoka. Ilikuwa kelele ya darasa zima likiruka kutoka juu hadi chini, "Kilo! Hekto! Deka! Mita! Desi! Senti! Mili!", na nyuma yao mwanamke mfupi mwenye chaki sikioni akifoka: "Wewe! Umeruka deka. Rudi juu, usiniibie sifuri yangu."

Tulimwita Mwalimu Nukta, kwa sababu aliamini nusu ya balaa za dunia hii zinatokana na nukta iliyowekwa pasipo pake. Alifundisha hesabu darasa la nne, na katika hesabu zote aliyoipenda kwa dhati ni moja tu: kubadili vipimo. Ngazi za kutoka uwanjani hadi barazani zilikuwa na vipandio saba. Alivipaka rangi kwa mkono wake, kila kimoja jina lake, kilo juu kabisa, mili chini kabisa. Mtoto akishuka kipandio kimoja anaongeza sifuri, akipanda anaondoa. Wiki ya urefu walishuka na mita, wiki ya uzito na gramu, wiki ya ujazo na lita.

"Ukishuka vitu vinakuwa vidogo, kwa hiyo vinakuwa vingi," alikuwa akisema. "Ni kama binadamu. Wakubwa wachache huko juu, wadogo tumejaa tele huku chini."

Mapenzi hayo yalianzia kwenye pazia. Alipokuwa bi harusi mpya alimpelekea fundi cherehani kipimo cha pazia la dirisha, akaandika 240 kwenye kipande cha karatasi, basi. Yeye alikusudia sentimita. Fundi, mtu wa inchi tangu ujana wake, akashona inchi. Likaletwa pazia la mita sita na zaidi, la maua mekundu, likaingia mlangoni mwanzo wake na mwisho wake ukabaki barabarani. Kitambaa hakikurudishwa. Alikata pazia la dirisha, akakata mashuka, na kilichobaki akamshonea mumewe pajama mbili zenye mifuko. Mumewe, mchambuzi wa barua posta, hakuwa mtu wa ubishi, alizivaa. Kwa miaka mingi alipolala chini ya dirisha lile, mtu akichungulia chumbani alikuwa haoni mume yuko wapi.

"Namba isiyo na kipimo," Mwalimu Nukta alituambia, "ni bahasha isiyo na anwani. Itafika tu, lakini kwa nani?"

Basi tungekaa hivyo, kama isingekuwa mzazi mmoja kuja ofisini kulalamika.

"Nimemuuliza mwanangu nusu lita ni mililita ngapi," alimwambia mwalimu mkuu. "Akapanda mezani. Akarukia kitanda. Akarukia kigoda. Akarukia sakafu. Ndiyo akanijibu."

"Alikosa?"

"Alipata. Lakini kitanda kimevunjika."

Mwalimu mkuu alimwita Mwalimu Nukta, na sisi wengine tukanyamaza ili tusikie vizuri.

"Mama, watoto wako wanahesabu kwa miguu. Siku ya mtihani watakaa kwenye madawati. Shule ikifunguliwa, Alhamisi ya kwanza mkaguzi anakuja kukaa darasani kwako. Wakimjibu wakiwa wametulia kama watoto wa watu, darasa ni lako. Wakishindwa, utakwenda stoo, utunze mipira na vitabu."

Stoo ile ilikuwa na dirisha moja lililopigwa misumari. Mtu aliyezoea kelele ya watoto angeweza kunyauka mle kama mche uliosahauliwa. Alitoka, na chaki aliisahau sikioni hadi nyumbani.

Likizo ikaingia. Kamati ya wazazi ikaamua ngazi zimelika na zijengwe upya, na kazi akapewa fundi mwashi ambaye, kwa bahati au kwa mkosi, alikuwa mdogo wake mumewe. Jumatatu ya kufungua shule Mwalimu Nukta alifika na kopo la rangi, akamkuta shemeji yake ameegemea mwiko, anatabasamu kama aliyejenga ikulu.

"Shemeji, zile za zamani zilikuwa ngazi za twiga. Nimezigawa upya. Sasa kila kipandio ni sentimita kumi na saba na nusu. Weka pima maji popote utakapo."

"Viko vingapi?"

"Vinane. Hicho kimoja nimekuongezea, zawadi."

Alihesabu kutoka juu. Akahesabu kutoka chini, kana kwamba saruji ingeweza kubadili mawazo.

"Bomoa kimoja."

"Shemeji, ngazi siyo meno, useme nitang'oa moja yabaki mengine!"

"Kaka yako alisema usipewe kazi hii. Mimi ndiye niliyekutetea."

"Basi asante," alisema fundi, na akaanza kukusanya vifaa vyake haraka kidogo.

Hakukuwa na muda. Alipaka majina saba kutoka juu, na kipandio cha mwisho, pale chini, akakiacha kijivu. "Hiki ni cha shemeji," aliwaambia watoto. "Hakihesabiwi." Baada ya miaka yote ile ya ualimu alipaswa kujua: kumwambia mtoto kitu hakihesabiwi ni kumpa kazi ya kukihesabu. Siku tatu waliruka, na siku tatu miguu yao, ikiwa kwenye mwendo, haikukubali kusimama hewani. Iliishia chini.

Alhamisi mkaguzi alifika, mtu mrefu mwenye koti zito, akaketi nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Hakuna kutoka nje," alisema. "Mita tano ni milimita ngapi?"

Darasa likatulia. Kisha chini ya madawati ikaanza sauti ndogo, kama mvua inayoonja bati: tap, tap, tap, tap. Mwalimu Nukta alihesabu nne. Ilipaswa kuwa tatu.

"Elfu hamsini!" lilijibu darasa kwa sauti moja, kwa furaha kubwa.

Mkaguzi aliandika. Mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni, alitazama upande wa stoo.

Mwalimu Nukta hakufoka. Alimwendea msichana wa dawati la mbele, yule mwenye sauti kuliko wote.

"Umeshuka mpaka wapi?"

"Mpaka chini, mwalimu."

"Chini kuna nini?"

"Kuna shemeji."

Mkaguzi aliinua kichwa. "Shemeji ni kipimo gani?"

Mwalimu alirudi nyuma hatua moja, akamwachia mtoto.

"Ni kidogo kuliko milimita," alisema msichana, akimshangaa mtu mzima asiyejua. "Shemeji kumi zinafanya milimita moja. Sisi tumekupa za shemeji. Ukitaka milimita, unapanda kimoja. Elfu tano."

"Nani amewafundisha hiyo?"

"Hakuna. Si kila kipandio ni kumi?"

Kalamu ya mkaguzi ilikaa hewani. Alijikwamua kutoka kwenye dawati, akasimama akiegemea ukuta.

"Haya. Mimi nina mita moja na sentimita sabini na mbili. Ni shemeji ngapi?"

Tap, tap, tap, tap.

"Elfu kumi na saba na mia mbili!"

Mkaguzi alicheka mpaka akakaa tena, na safari hiyo ilibidi mwalimu mkuu amvute kumtoa kwenye dawati. Ripoti yake ilikuwa fupi: watoto wanaelewa, ngazi zisiguswe.

Aliyeumia ni mmoja tu. Fundi alikuja jioni, uso umemvimba. "Yaani shemeji, mimi ndiyo mdogo kuliko milimita? Mtaani watoto wananipima kwa vidole!"

"Shukuru wewe," alimjibu. "Kaka yako hayumo kwenye ngazi kabisa."

Alibaki na darasa lake hadi siku ya kustaafu. Mumewe alifariki mwaka mmoja kabla. Aliyemrithi ni kijana mwema anayefundisha ubaoni, na rangi ya majina imefutika. Ukitaka kuisoma lazima ujue kilichoandikwa.

Sasa anakaa katika vyumba viwili nyuma ya posta. Dirisha lake linatazama barabarani, na pazia lake la maua mekundu lina mifuko miwili.