Mnyama wa Chini ya Meza

"Meza yangu ya kukatia vitambaa, mwalimu. Ndiyo inayotulisha."

Saa mbili asubuhi, fundi cherehani amesimama mlangoni mwa darasa la tatu, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Mwalimu anatambaa kutoka chini ya dawati, uso mweusi tii kwa vumbi la mkaa. Wanafunzi humwita Bi Mkaa, na leo jina limemkaa.

"Pini imenidondoka, nainama, nakutana na jinyama limechorwa chini ya meza, meno kama panga. Namuuliza binti yangu, ananiambia ndiyo kazi ya nyumbani."

Mwalimu mkuu, aliyemsindikiza, anatikisa kichwa. Alishaonya: mzazi mmoja zaidi akilalamika, somo la mapango basi.

Darasa hili lina watoto hamsini na wawili na vitabu vinne vya historia. Muhula uliopita, mwalimu alichoka kuwaona wakisinzia kila alipotaja watu wa kale. Akabandika karatasi za mifuko ya saruji chini ya madawati, akaziba madirisha kwa magunia, akaleta mkaa wa jikoni kwake na tochi ya kupokezana.

"Watu wa kale walichora gizani, wengine kwenye dari la pango, juu ya vichwa vyao," anaeleza. "Mtoto akilala chali, shingo ikamuuma, hasahau."

"Hasahau, wala shati hafui yeye," fundi anamkata.

"Mama," sauti inatoka chini ya dawati la nyuma. "Yule mnyama ni wewe."

Fundi anagusa meno yake.

"Mimi nina meno yale?"

"Mwalimu alisema labda walichora wanyama waliowatisha, na ambao bila wao wasingeishi."

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu mkuu anageukia ukutani, mabega yakimcheza. Fundi anajaribu kukunja uso, uso unakataa.

"Na ule mkia mrefu?"

"Si mkia, mama. Ni tepu yako."

Bi Mkaa hacheki. Ana ndoto ya kuigeuza stoo kuukuu ya shule kuwa pango kamili, na ndoto yote sasa iko mdomoni mwa mzazi huyu.

"Haya, mzazi," anasema mwalimu mkuu. "Niandike malalamiko?"

"Andika. Magunia haya yanavuja mwanga. Hili nalo ni pango? Ninavyo vipande vya kitambaa kizito, nitawashonea mapazia." Anavuta tepu kutoka shingoni, anapanda juu ya kiti dirishani. "We binti, toka huko uje unishikie mkia."